Kaka yangu alipenda nyama iliyoungua, mama akaamini yeye ndiye aliyemuua

Mwezi wa nane mwaka jana, siku ya Jumamosi, tulimzika kaka yangu Elia huku Ngaramtoni. Kansa ya utumbo mkubwa.

Wakuu, salaam kwenu. Shule niliishia la saba, kwa hiyo mtanivumilia uandishi. Haya nimeyaona mwenyewe na sijaongeza kitu.

Elia alikuwa mchoma nyama sokoni. Hata nyumbani, mbuzi akichinjwa, jiko ni lake.

Mama naye alikuwa na utaratibu wake tangu tukiwa watoto. Zile ncha za mbavu zilizoungua, nyeusi kabisa, alizikata kwa kisu akamwekea Elia. Hakuna mwingine aliyezigusa. Kwetu mzazi hamwambii mtoto kwamba anampenda. Anamtengea.

Mboga za majani, kama mnafu, Elia hakuzitaka. Ukimwekea pembeni ya nyama anakwambia, "Huyu mbuzi ameshakula majani. Mimi namla yeye, si nimemaliza yote?"

Tulicheka sana. Wanaume wengi wa huku wako hivyo, wakiona mboga kwenye sinia la nyama choma wanauliza nani mgonjwa.

Sasa kwenye matanga, binamu yetu mmoja anayeishi mjini akawa anasimulia alichosoma kwenye simu, kwamba nyama iliyoungua inaleta kansa. Hakuwa na nia mbaya. Hakujua mama amesimama nyuma yake na chupa ya chai.

Tangu siku hiyo mama hakula nyama tena. Baadaye hata uji akawa anaukoroga tu, anauacha. Nguo zikaanza kumpwaya. Shemeji, mjane wa Elia, alimbembeleza. Mchungaji alikuja. Wapi.

Siku moja tunamenya ndizi, akaniambia taratibu bila kuniangalia, "Mimi ndiye niliyekuwa namkatia."

Niliogopa kwamba nitazika wawili.

Nikampeleka mjini kwa daktari aliyemtibu Elia, binti mdogo tu. Akamwamkia, mama akaitikia, halafu hakuzunguka.

"Mwanangu, zile ncha za nyama zilizoungua nilikuwa namkatia mimi. Ni mimi nilimuua?"

Daktari alifunga mlango akavuta kiti karibu. Akaeleza kwamba nyama ikiungua kwenye moto mkali inatengeneza kemikali, na zikiingia mwilini zinaweza kuumiza DNA, yaani yale maelekezo yaliyomo ndani ya kila chembe hai. Mwili unayarekebisha majeraha hayo kila siku, ila mengine yanaweza kuupita, na hapo kansa inaweza kuanza.

Akasema pia kwamba kinacholiwa pamoja na nyama kina nafasi yake. Mboga kama kabichi, na mtindi, vimeonekana kupunguza uharibifu huo, ingawa bado kuna mengi hayajajulikana.

Nikamuuliza, kwa hiyo angekula mboga angekuwa hai? Akasema hajui, na hawezi kunidanganya.

Kisha akamshika mama mkono.

"Mama, kansa ina sababu nyingi. Kwa mtu mmoja hatuwezi kusema ni hiki. Hata mimi nazila hizo ncha nyeusi, nazipenda. Wewe ulimpa mwanao kitamu kuliko vyote."

Mama akalia. Makaburini hakulia, lakini pale alilia mpaka kitenge kikalowa.

Sisemi alitoka pale amepona. Ila njiani aliomba maziwa mgando, akanywa yote.

Kwa upande wangu, nyama choma sijaacha, sitawadanganya. Ila sasa naiweka mbali na miali, naigeuza mara kwa mara, palipoungua nakata natupa, na mboga lazima iwepo. Na msibani, kabla hujasimulia ulichosoma, angalia nani amesimama nyuma yako.

Kama kuna aliyewahi kuishi na mzazi anayejilaumu namna hii, naomba aniambie alimsaidiaje. Ninasoma kila mtakachoandika.

Jumapili iliyopita tulichinja. Nilimpelekea mama sahani ya nyama jikoni, nikaiweka nikaondoka, maana sikutaka aone namwangalia. Niliporudi kuchukua maji nikamkuta anatafuna.

Akaniambia chumvi haijakolea.