Ijumaa Tatu za Rupture

Ijumaa ya kwanza niliamini. Nilimbeba mwanangu wa siku tisa mpaka kituo cha afya cha mtaa wetu, apate chanjo ya kifua kikuu. Muuguzi hakuinua hata macho: "Iko rupture, mama. Urudie juma ingine."

Rupture ndilo neno letu hapa Lubumbashi kwa kila kitu kilichoisha: unga, dawa, uvumilivu. Ukiambiwa rupture hubishi. Unamfunga mtoto mgongoni, unarudi.

Ila mimi nilirudi kwa nani? Bamukwe wangu, baba ya mume wangu, alitoka machimbo ya Kambove na kifua kikuu. Dawa ameanza, lakini tunakaa naye parcelle moja, uwanja mmoja wa nyumba. Akikohoa, nasikia kama yuko kitandani kwangu. Mzee wa watu mwenyewe alikataa kumbeba mjukuu. Alimwangalia toka mlangoni tu, akasema, "Akichomwa sindano, ndiyo nitamubeba."

Ijumaa ya pili: rupture.

Kule sekondari mwalimu wa Kiingereza alitufundisha neno "shortage". Mimi nikalitafsiri "hakuna", akanipa sufuri. "Si hakuna!" alifoka. "Kitu kiko, lakini hakitoshi. Na lazima useme ni upungufu wa nini." Niliona ananionea. Ijumaa ya tatu nikajua hakunionea.

Siku hiyo muuguzi alifungua sanduku la baridi kutoa matone ya polio ya mtoto mwingine. Ndani nikaona vichupa vya kahawia, vimeandikwa BCG. Chanjo yangu!

"Na ile, mama, ni nini?" nikamuuliza.

"Ile ni ya batoto bengi. Kichupa kimoya, batoto makumi mbili. Nikifungua kwa wako peke yake, mangaribi natupa yote yenye kubakia, haikae mpaka kesho. Bakubwa batanigombeza."

"Sasa rupture iko wapi?"

"Iko rupture ya batoto," akasema, na mwenzake akacheka.

Upungufu wa watoto! Katika mtaa huu, ambako huwezi kutupa maji ya vyombo bila kumlowesha mtoto wa mtu!

"Unataka bangapi?"

"Bafike kumi, nafungua."

Nikatoka. Nilipita parcelle kwa parcelle, nikipiga kelele kama muuza makaa: mwenye mtoto ambaye hajachomwa, atoke! Nao walikuwa wengi. Kila mmoja alikuwa ameambiwa rupture, akarudi nyumbani na adabu zake. Mmoja, muuza samaki wa Kasenga, alikuwa anasukwa nywele, upande mmoja tayari, mwingine umesimama wima.

"Weye banakulipa kule?" akaniuliza.

"Bangenilipa, ningevaa viatu vizuri. Simama, dada, beba mutoto!"

"Na kichwa hiki?"

"Banachoma mutoto, habachome kichwa yako!"

Akaja hivyo hivyo. Saa sita mchana tulikuwa kumi na wawili kwenye benchi, watoto wanalia kwa zamu.

"Eh, maman, umetuletea maternité nzima, bazazi bote!" muuguzi akasema, sasa anatabasamu.

Mimi sikutabasamu. "Ijumaa ya kwanza ulishindwa kusema 'tunangoya batoto'?"

"Tukisema hivyo, bamama batakuya na fujo."

"Fujo si hii? Na imekupa batoto kumi na mbili."

Alifungua kichupa, akachanganya dawa, akaanza kwa kumchoma wangu. Kisha, nilipomtajia kifua cha bamukwe, akaniambia, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba chanjo haishiki leo leo. Inataka majuma kadhaa mwilini. Mzee asimkaribie bado.

Majuma. Mawili ningekuwa nimeshayamaliza, lau mtu mmoja angefungua mdomo wake na kuniambia kinachokosekana ni nini. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikaenda kumwambia bamukwe kwamba sindano imechomwa, na kwamba bado hawezi kumbeba.