Vifungo Vilivyopimwa kwa Gambuti

Waimarie Pēhi hakuwa mtu wa kushindwa na kiatu. Miaka yote aliyoosha karoti kwenye banda la Ohakune, mji mdogo wa New Zealand, alivaa gambuti asubuhi na kuzivua jioni, na siku za mapumziko alikwenda peku hadi dukani, baridi au joto, kama nusu ya mji. Mguu wake ulikuwa mpana na mwenyewe alikuwa mkaidi. Mjukuu wake Te Rina, aliyemlea tangu binti yake ahamie Australia, alirithi vyote viwili, ila ukaidi wa mtoto ulikuwa wa kimyakimya, na huo ndio mbaya zaidi.

Majira hayo ya baridi Te Rina alikuwa na miaka kumi na miwili. Alhamisi darasa lao lilikuwa lipande mlimani kuteleza kwenye theluji kwa ubao. Mlima wenyewe wenyeji wanauita Babu, na marehemu mama yake Waimarie alikuwa akisema mtoto anaruhusiwa kucheza magotini kwa Babu, bora asimpande kichwani. Mwaka uliotangulia Te Rina alicheza magotini akaanguka mbele ya darasa zima, akainuka akaanguka tena, na wenzake wakamcheka hadi basi lilipofika mjini. Tangu siku hiyo hakukosa sababu ya kutokwenda. Safari hii sababu ilikuwa vifungo, vile vinavyobana viatu kwenye ubao.

"Siendi, Bibi. Kifungo kimekatika."

"Kifungo kinanunuliwa."

"Ni ghali."

"Nimekuuliza bei?"

Waimarie hakuwa mjinga. Alijua kifungo ni kisingizio, lakini alijua pia kwamba kisingizio ukikiondoa, linabaki jambo lenyewe. Na jambo lenyewe lilimtisha. Binti yake naye alianza hivi hivi. Aliacha mpira wa pete kwa sababu ya kuchekwa, akaacha kuimba, akaacha kimoja baada ya kingine hadi akauacha mji. Waimarie alikuwa amekaa kimya wakati ule, akidhani ni utoto. Hakutaka kukaa kimya mara ya pili.

Basi Jumamosi akaenda kwa Graeme Petherick, anayekodisha na kuuza vifaa vya theluji, vipya mbele na vilivyotumika nyuma. Walisoma darasa moja. Graeme akamvutia boksi la vifungo vya zamani.

"Anayeanza hahitaji vya mbwembwe," alisema. "Mchukulie vilaini, vinasamehe makosa. Vigumu ni vya hao wanaoruka. Tazama mikanda isiwe na nyufa, na haya meno ya kukazia yasiwe yamelika. Yakilika, mguu unachomoka." Akakaza mkanda mmoja, meno yakalia ta-ta-ta. "Haya, viatu vyake viko wapi?"

"Shuleni, wamevifungia." Waimarie akaiweka gambuti yake mezani, ingali na udongo wa shambani. "Mimi naye tunavaa namba ileile. Pimia hii."

"Waimarie. Kiatu cha ubao ni kinene, kimejaa sponji. Kifungo hakipimwi kwa namba ya mguu, kinapimwa kwa kiatu chenyewe."

"Mguu ni mguu, Graeme."

"Chukua hivi vikubwa, nakuomba."

"Vimpwaye, aanguke, achekwe? Wewe tangu shule unapenda vitu vya kupwaya. Nakumbuka kaptula zako."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema, lakini Graeme hakuwa mkuu wa mtu, alikuwa Graeme tu. Waimarie akachagua vidogo, vilivyoibana gambuti vizuri kabisa, kwa bei ya samaki na chipsi za watu wawili. Jioni akavifunga kwenye ubao wa Te Rina kwa bisibisi. Alisimama juu yake jikoni, akaona mguu upi unapenda kutangulia, akakaza skrubu kufuata hivyo. Alijisikia fundi.

Jumatatu theluji ikashuka hadi mjini, jambo lisilotokea mara nyingi. Te Rina akarudi na viatu alivyoagizwa. Walijaribu kwenye varanda. Kiatu kilikataa. Waimarie akakisukuma, akakikalia, akakisema vibaya, na bado kisigino kilikaa juu ya kifungo kama mgeni asiyeambiwa karibu. Akampigia Graeme simu. Vile vikubwa vilikuwa vimeshauzwa Jumapili.

"Basi," Te Rina alisema, na uso wake ukapata amani. "Siendi."

Waimarie aliitazama ile amani na moyo ukamwuma. Angeweza kugomba, na kugomba alikujua sana. Badala yake akazitazama gambuti zake mlangoni.

"Vimenikaa mimi," alisema. "Nitavitumia mimi."

"Bibi, acha."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na mteremko unaoshuka kwenye shamba la karoti zilizokwisha kuvunwa. Waimarie akabeba ubao hadi juu, akaketi, akajifunga gambuti zote mbili, akasimama. Ng'ambo ya uzio wifi yake Pare alikuwa na kikombe cha chai.

"Wai, unaenda wapi na hicho kipande cha kabati?"

"Nakuja kwako. Fungua geti."

Akateleza hatua mbili tatu, akaanguka kifudifudi. Pare akacheka mpaka chai ikamwagika. Waimarie akatema theluji, akainuka, akaanguka kwa makalio. Majirani wawili wakaja uzioni kwa Pare, maana kicheko chake kinasikika hadi reli. Mara ya tatu akashika mwendo kweli, mikono hewani, na nusu ya mteremko ubao ukaenda na yeye akabaki. Vifungo vilikuwa vimezishika gambuti barabara. Ni miguu ndiyo iliyochomoka. Alisimama kwenye theluji na soksi zake za sufu, akitazama gambuti mbili zikiteremka zenyewe hadi shambani, zimesimama wima.

"Wai, zimekutoroka," Pare alisema, akifuta machozi.

"Zinatangulia kuchemsha maji."

Nyuma yake alisikia sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu mwaka jana. Te Rina alikuwa amekaa chini, anacheka huku ameshika tumbo. Alipopata pumzi alisema, "Bibi, kumbe wewe juha."

Kwa watu wa ubao, anayetanguliza mguu wa kulia huitwa juha. Si tusi, ni jina tu, kwa kuwa wengi hutanguliza wa kushoto. Waimarie hakuwa na habari hiyo.

"Nani juha?" alisema, akamsukuma mgongoni kwa utani. Te Rina akayumba mbele na mguu wake ukaruka kumzuia asianguke. Ulikuwa wa kulia. Akautazama, akasogea nyuma.

"Nisukume tena."

Akasukumwa. Wa kulia tena.

"Mwaka jana mwalimu alitufungia wote wa kushoto mbele," alisema polepole. Waimarie, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akamwacha mtu amalize kufikiri. "Kwa Graeme si kuna vya kukodi?"

"Vipo."

"Kesho twende. Viatu nabeba mimi."

"Na mimi nibebe nini?"

"Wewe usibebe kitu chochote, Bibi." Akatazama uzioni, ambako Pare alikuwa ameshatoa simu kuwapa habari wasiokuwepo. "Lakini hata hivyo nikianguka watacheka."

"Watacheka," Waimarie alisema, na soksi zimemlowa. "Hawa hapa hujawasikia?"

Alhamisi jioni basi la shule lilisimama kwenye kona. Te Rina aliingia jikoni amelowa toka shingoni hadi visiginoni, na Waimarie, aliyekuwa amekoroga sufuria ile ile ya mifupa ya nguruwe kwa saa nzima bila sababu, hakugeuka.

"Ilikuwaje?"

"Nimeanguka sana. Wakacheka."

"Halafu?"

"Halafu nikainuka," Te Rina alisema, akifunua sufuria. "Hii imeiva?"