Anayegonga Ukuta Kabla ya Kuandika

Mtunza kumbukumbu wa kituo kile cha afya hagusi kibodi kabla ya kugonga ukuta mara mbili na kumuuliza polepole nesi wa chumba cha pili, "Umefunga faili?" Faili la wagonjwa linakaa kwenye mashine ya mbali, na kompyuta mbili zikiandika humo kwa wakati mmoja kupitia waya, habari za watu huchanganyika kimyakimya. "Kaka, unawapigia hodi majini?" Nesi huyo, Levina, humtania. Leo, akiwa bado anaandika kifo cha mzee mmoja wa kijiji cha Kisawasawa, Levina alidanganya: "Nimefunga." Mtunza kumbukumbu akaandika habari za Paulina, mgonjwa aliyekuwa benchini akisubiri kuongezewa damu, na kompyuta zote mbili zikasema zimehifadhi. Levina akasoma kundi la damu la Paulina kwenye skrini yake, akachukua mfuko wa damu, akatoka kupitia mlangoni pa mtunza kumbukumbu. Mtunza kumbukumbu akaelekeza kidole kwenye skrini, palipoandikwa: Paulina, kundi la damu la yule mzee, amefariki leo. "Levina," akauliza polepole, "mfuko huo umeuchagua kwa kundi gani?" Benchini, Paulina alikuwa amekwisha kunja mkono wa gauni.