Chumvi Isiyoingia Chunguni

Dobi alikuwa amestaafu, lakini mikono yake haikuwa na habari hiyo. Kila asubuhi ilitandika kitanda kwa pembe kali kama za bahasha, ikakunja taulo, kisha ikatua magotini kungoja kazi nyingine. Kazi haikuja. Tangu mkewe azikwe, vyumba vyao viwili vilikuwa vimepanuka, ingawa hakuna aliyesogeza ukuta.

Daktari alimkataza kula chumvi kwa sababu ya shinikizo la damu. Naye dobi, mtu wa kushika neno, aliiacha siku ile ile, akala mboga chapwa pasipo kunung'unika. Ila hakuacha kuinunua. Marehemu alikuwa na desturi ya kwenda dukani kila Jumamosi na kurudi, pamoja na vingine, na pakiti moja ya chumvi. Mumewe aliirithi safari ile kama wengine wanavyorithi shamba. Mwenye duka, mama mmoja mnene mwenye ulimi mwepesi, alikuwa akimwona tu mlangoni, mkono wake ushafika kwenye rafu.

"Shikamoo, mzee. Ya kawaida?"

"Marahaba. Ya kawaida."

"Na chumvi yote uliyokwisha kula duniani, bado hushibi?"

"Ya kula nilimaliza. Hii ni ya nyumba."

Katika juma zima, yule mama ndiye mtu pekee aliyejua dobi anataka nini kabla hajafungua kinywa. Kuacha kununua chumvi kungekuwa kuacha kujulikana.

Hata hivyo, dobi hakuwa mtu wa kuweka kitu kikae bure. Aliitafutia chumvi ajira. Vikombe vilivyoshika weusi wa majani ya chai alivisugua kwa chumvi na kitambaa chenye unyevu, vikarudia utoto wao. Fagio jipya alililoweka katika maji ya chumvi kabla ya kulitia kazini, ili lisinyonyoke upesi. Sufuria iliyoungua aliijaza maji na chumvi, akailaza, na asubuhi ukoko ulibanduka bila ugomvi. Ubao wa kukatia mboga, viatu vilivyovunda, vidole vilivyonuka vitunguu, vyote vilionja chumvi ambayo mwenye nyumba hakuruhusiwa kuionja. Lakini matumizi yalikwenda kwa kijiko na manunuzi kwa pakiti. Kabati likajaa.

Binti yake wa pekee, aliyeolewa mji mwingine, alipiga simu. "Baba, Jumamosi nakuja nione unavyoishi. Nikiona huwezi peke yako, tutajua la kufanya."

Dobi alifurahi, ila furaha hakuisema. Alitoa godoro la wageni, akalitandikia shuka lililotiwa wanga na kupigwa pasi hata likasimama wima kama askari. Jumamosi mlango uligongwa angali anamalizia kuinyoosha kwa pasi ncha ya mwisho ya shuka, wanga umegandia uso wa pasi. Akaiweka pembeni, akaenda kufungua. Bintiye alisimama pale, begani ana kipochi kidogo cha mkono na si kingine. Dobi alikitazama kile kipochi, akaelewa kwamba ndani yake hamkuwa na nguo ya kulalia.

"Karibu, mama," alisema. Ndivyo alivyomwita tangu utotoni, kwa kuwa binti alikuwa wajina wa mama mzazi wa dobi.

Binti alijitolea kupika chai, akafungua kabati kutafuta sukari. Badala yake alikuta pakiti za chumvi zimepangwa safu kwa safu, kingo kwa kingo, kama mashati yanayongoja wenyewe.

"Baba, nini hizi zote?"

"Chumvi."

"Naona ni chumvi. Si umekatazwa?"

"Nimekatazwa kuila. Sikukatazwa kuwa nayo."

Binti hakucheka. Alimtazama kwa namna ambayo dobi mwenyewe alikuwa akiyatazama mashati ya wateja, akitafuta kifungo kilichopungua. Kisha akauliza taratibu, "Baba, ukifika dukani, huwa unakumbuka kwamba ya juzi bado ipo?"

Swali lilimchoma mzee. Kumbe alikuwa akidhaniwa ameanza kupotewa na akili. "Kaa hapo," alisema. "Leo utaniona."

Akamwonyesha. Alisugua kikombe mbele yake, akambandulia ukoko wa sufuria iliyolala na maji ya chumvi tangu jana, akampa fagio alivute nyuzi aone kama zitang'oka. Alieleza kila jambo kwa mpango, kiasi gani, muda gani, kwa nini. Binti alianza kutabasamu, kisha akacheka waziwazi.

"Haya, yatosha, mwalimu wangu. Akili yako inakata kuliko yangu."

"Bado pasi. Pasi nayo husafishwa kwa chumvi."

"Pasi siku nyingine, Baba, gari litaniacha." Akanywa chai yake upesi. "Sasa nina amani. Tulikwisha kubaliana na mume wangu: ningekukuta umelegea, ningekaa nawe juma zima, kisha tungekuhamishia kwetu. Nashukuru hakuna haja."

Dobi aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameishinda kesi yake barabara, hata hapakubaki sababu ya mtu kuketi. Alimsindikiza hadi barabarani, akasimama huko hata baada ya gari kupotea, kisha akarudi nyumbani kwa hatua za mtu aliyesahau alichotumwa. Shuka la mgeni lilikuwa palepale, halina hata kunyanzi moja.

Magharibi simu ililia.

"Nimefika salama, Baba. Enhe, ile ya pasi unafanyaje? Yangu imeganda uchafu, inachafua sare za watoto."

Dobi aliitazama pasi yake. Maneno machache yangetosha: nyunyiza chumvi juu ya karatasi, pasha pasi moto, ipitishe mbele na nyuma mpaka iteleze, kisha ipanguse. Yalikuwa tayari ulimini. Maisha yake yote hakuwahi kumdanganya mteja, hata kwa kifungo kilichopotea.

"Hiyo haielezeki kwa simu, mama," alisema. "Ni kazi ya kuona kwa macho. Ilete."

Upande wa pili alisikia sahani zikigongana na mtoto akidai kitu. "Mwisho wa mwezi labda. Nikipata nafasi."

"Sawa. Pasi haiozi."

Aliweka simu mezani. Akaichukua pasi yake, akapitisha kidole juu ya wanga uliokauka, mikono ikimwasha kuusugua. Hakuusugua. Akaifungia kabatini pamoja na pakiti zake, na uchafu wake vilevile.