Baiskeli ya Lukelo Haipandi Gari

Nilikuwa kwenye foleni ya jioni pale Ubungo, Dar es Salaam, injini nimezima, vioo nimepandisha, mama aliponipigia simu kutoka Makambako. Mwezi uliotangulia tulikuwa tumemzika mdogo wangu, Lukelo. Mama hakusalimia.

"Baiskeli ya mwanangu bado iko Njombe," alisema. "Njoo uilete."

Nikamwambia, mama, hilo dogo, nitampigia mtu simu, itafungwa juu ya basi na kesho utaipata. Akanikatiza kabla sijamaliza.

"Gari ndilo lililoniulia mtoto. Baiskeli hiyo haipandi gari. Na isipofika, matanga hayaanuliwi. Mimi nitakaa hivi hivi."

Kwetu msiba hauishi kwa mazishi. Vitu vya marehemu hukusanywa nyumbani, ukoo unakaa, vinagawiwa, ndipo matanga yanaanuliwa na watu wanaruhusiwa kuendelea kuishi. Kilichobaki kukusanywa cha Lukelo kilikuwa baiskeli tu. Alikuwa fundi cherehani, lakini si wa kukaa kibandani akingoja wateja. Kila Jumatatu alitoka kwa mama na vifaa vyake kwenye kerea ya nyuma ya baiskeli, akapita kijiji kwa kijiji akitengeneza cherehani za watu majumbani mwao hadi Njombe, na mwisho wa wiki akarudi. Asubuhi moja ya ukungu, karibu na Njombe, lori lilimgonga.

Kilichonitisha si baiskeli. Ni kwamba mama hakuwa amelia. Mochwari hakulia, kaburini hakulia, na shangazi aliniambia hata uji anaushika tu mkononi mpaka unapoa. Nikaomba ruhusa kazini.

Makambako nilishuka kwenye basi na upepo ule wa kwetu, ule unaokuvua kanga mbele za watu. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, amekonda, macho makavu. Aliniangalia suruali niliyoivaa chini ya kitenge. Siku nyingine ningesikia hotuba nzima. Safari hii alinipa sweta la Lukelo tu na kusema, "Njombe kuna baridi." Nilienda chooni nikalia peke yangu.

Njombe nilifika kwa basi dogo la Kosta jioni, nikalala kwa rafiki wa shule, na asubuhi nikaenda nyuma ya soko kwa fundi baiskeli aliyeihifadhi. Wanamwita Baba Imani.

"Kamwene, dada. Pole sana na msiba."

"Kamwene. Asante, tumepoa."

"Rimu nimeinyoosha, spoki nimeweka mpya. Breki ya nyuma inashika. Ya mbele usiiamini sana." Akanitazama kuanzia juu mpaka chini. "Dada, mara ya mwisho kupanda baiskeli ni lini?"

"Usiniulize."

Akacheka, halafu akakumbuka msiba, akajizuia. Nilimwambia acheke tu, Lukelo mwenyewe angecheka mpaka akae chini. Kabla sijaondoka aliniambia, "Kengele sijaigusa. Huko mbele kuna ukungu, ipige. Lakini ujue watu wanaifahamu." Sikumwelewa.

Nilipofika Kibena nikiendesha, ukungu ulikuwa mzito, mashamba ya chai yamepotea kabisa, lami naiona hatua chache tu mbele yangu. Malori ya mbao yalinipita kwa kishindo, kila moja likinisukumia upepo wake, nami nilikuwa na woga wa waziwazi. Niliwaza, mdogo wangu alikuwa anapita hapa kila wiki, na mimi nilikuwa nikimwambia kwa simu anunue pikipiki aache ushamba. Nikapiga kengele. Ina mlio mkubwa, wa mkwaruzo, huwezi kuuchanganya na mwingine.

Sauti ya mwanamke ikatoka ndani ya ukungu. "Fundi! Kamwene, fundi! Ulipotelea wapi? Cherehani yangu inakata uzi!"

Mungu wangu. Niliganda pale pale, mguu mmoja chini.

Akatokea na jembe begani, anatabasamu, kisha akaniona mimi na lile tabasamu likamwisha taratibu. Habari ya kifo kwetu haitolewi mtu akiwa amesimama, seuze akiwa juu ya baiskeli. Unashuka, unakaa chini, mnasalimiana mpaka mwisho, watoto, mifugo, mashamba, ndipo unasema. Nikailaza baiskeli, nikakaa kwenye majani yaliyolowa. Alipoona nakaa, alijua. Aliketi mbele yangu akiwa tayari ameshika kichwa.

"Alinitengenezea cherehani nikiwa na mimba ya huyu wa mwisho," alisema baada ya kulia. "Alinikataza kuinuka. Akajichemshia chai mwenyewe, akanichemshia na mimi."

Akaingia kwake, akatoka na maharage kwenye mfuko. "Mpelekee mama, fundi alinisimulia sana habari zake. Mwambie yametoka kwa Mama Tumaini." Pole ya msiba haikataliwi. Nikayafunga kwenye kerea.

Nilijiambia, sasa kengele basi, nitapita kimya. Lakini skrubu yake imelegea, na kila nilipokanyaga shimo ikalia yenyewe. "Fundi!" "Fundi huyo!" "Fundi, pitia hapa kwanza!" Nikashuka, nikakaa, nikasema. Mzee mmoja mkatoliki aliyehamia kutoka Uwemba alipiga ishara ya msalaba na kunipa viazi. Mwanamke mwingine alinipa debe dogo la mahindi, akanifokea kwa nini hawakuambiwa waje kuzika. Sisi tulitangaza kwa simu na kwenye makundi ya mtandaoni, tukajaza msiba watu wa mjini, na watu wake mwenyewe hatukuwafikiria kabisa.

Nilipofika Kichiwa mchana ulikuwa umeshakwenda, jua limetoka kidogo. Pale nilikoma kuendesha. Mzigo ulikuwa maharage, viazi, mahindi, kabichi, na kuku aliyefungwa miguu ambaye alinitazama kwa chuki njia nzima. Nikaisukuma baiskeli kwa miguu, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye mzigo. Miguu iliniuma, mgongo ulikuwa umekufa ganzi. Nilikuwa nazungumza na Lukelo kwa sauti. Nilimwambia, wewe mtoto, ungetuambia basi kwamba una ndugu wengi hivi. Nilimtukana kidogo. Nililia nikitembea, na waliopita kwenye magari walinitazama kupitia vioo wakaenda zao, kama mimi ninavyowatazama watu Dar.

Jioni, kilima kimoja kabla ya Lyamkena, lori lilipunguza mwendo pembeni yangu. Dereva alitoa kichwa, mwanaume wa makamo, kofia ya sufu masikioni.

"Mama, giza hilo linaingia. Panda. Baiskeli tutaitupia nyuma."

Nakiri kwamba moyo ulisema ndiyo. Mama asingejua. Nilisimama nikihema, nikaangalia ile bodi ya lori, juu kabisa, na nikaona jinsi baiskeli ile itakavyolala pale juu ya magunia.

"Haipandi gari," nikasema.

"Kwa nini?"

Nikamwomba ashuke. Alishuka. Nikakaa chini ukingoni mwa lami, naye akashangaa, kisha akachuchumaa. Nilimweleza yote, na nilipofika kwenye lori na ukungu aliivua kofia.

"Mimi siye yule, mama," alisema. "Lakini ningeweza kuwa. Asubuhi zile huoni kitu, na bosi anapiga simu kila dakika, umefika wapi, umefika wapi."

Sikumfariji, sikuwa na nguvu hizo. Nikainuka, nikashika usukani. Akarudi kwenye lori lake, akawasha taa za hatari, akanifuata kwa nyuma polepole kwa mwendo wangu wa miguu. Waliokuwa nyuma yake walipiga honi na kutukana, akawaacha wapige. Alinisindikiza hivyo mpaka nyumba za Lyamkena zilipoanza, akapiga honi ndogo, akapita.

Makambako niliingia usiku umeanza. Mama alikuwa mlangoni. Sikuwa nimepiga simu, kengele ndiyo ilimwambia. Hakunigusa mimi. Aligusa usukani, akagusa kiti, halafu akaanza kufungua mzigo.

"Haya ya nani?"

"Maharage ya Mama Tumaini, wa Kibena."

"Simjui."

"Anakujua wewe. Lukelo alimsimulia."

"Na viazi?"

Nikamtajia. Kila alichotoa aliuliza ni cha nani, akaniuliza na huyo mtu alisemaje, nami nikarudia maneno yao. Alipofika kwa kuku akamfungua miguu na kumshika kifuani.

"Mimi nilikuwa namhurumia," alisema. "Nikasema mwanangu anazunguka barabarani peke yake, mkiwa, dada yake ana gari mjini." Akaitazama baiskeli. "Kumbe alikuwa na watu."

Akalia. Alilia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mama yangu, mpaka majirani wakaja mbio wakidhani kuna kifo kingine. Shangazi alinivuta pembeni akanong'ona, "Mwache. Mwache alie, ndicho tunachokisubiri." Usiku ule alikula.

Jumamosi tulianua matanga. Mashati yalipata wenyewe, vifaa vya cherehani vikaenda kwa binamu. Baba mkubwa alipouliza nani atachukua baiskeli, hakuna aliyeinua mkono, wala mimi. Barabara ile imetutisha sote, hakuna hata njia ya pembeni ya mtu wa baiskeli kupita. Baiskeli imeegemezwa ukutani chumbani kwa mama.

Dar es Salaam nilirudi na miguu iliyovimba. Nilichojifunza nakisema kwa uchungu: mdogo wangu alipita taratibu, kwa hiyo watu walimwona, na mimi nina miaka yote hii barabara ile ile ya kazini, sijui jina la mtu hata mmoja wa pale. Siku hizi gari linalala nyumbani. Natembea mpaka kituo cha mabasi ya mwendokasi, na njiani nanunua vitumbua kwa mama mmoja ambaye zamani nilimpita kila asubuhi nikimpigia honi asogeze meza yake.

Juzi juzi niliugua malaria, nikalala ndani siku kadhaa. Nilipotoka tena, yule mama aliniona kwa mbali akaacha kikaango motoni.

"Dada, ulikuwa wapi? Nimekuulizia mpaka kwa walinzi!"

Nilisimama pale barabarani nikilia, watu wakinipita kwenda kazini, naye kanishika mkono akisema pole, pole, hajui hata jina langu.