Upawa Ndani ya Chungu cha Rangi

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, kwetu Hindawiya, Jeddah, bibi yangu aliamini kwamba chungu cha rangi kinamjua hasidi. Mwenye kijicho akikichungulia, rangi hukataa. Kwa hiyo alipochemsha maganda ya komamanga na shabu, ile chumvi ya kushikisha rangi, ili kuutia ukindu rangi ya dhahabu, alifunga mlango wa jiko na kumruhusu mtu mmoja tu aingie. Hakuwa mimi, mjukuu wake. Alikuwa Zuwena, mtoto wa jirani, watu wa Unguja kama sisi. Bibi alimpa hata mwiko wake wa mti.

"Zuwena ana mkono mtulivu," aliniambia. "Wewe, mume wangu, una papara."

Ukindu ule uliletwa na hujaji kutoka Unguja, nao ulitosha mkeka mmoja tu, wa harusi ya shangazi yangu. Alasiri moja Bibi alikwenda kuswali, na Zuwena akaenda kwao kula, mwiko kaushika mkononi kama bakora ya sultani. Nikaingia jikoni. Kwa kuwa mwiko haukuwapo, nilichukua upawa wa chuma uliokuwa na kutu, nikakoroga, nikauacha ndani huku nikijiona fundi. Uradi wa Bibi ulikuwa mrefu. Niliposikia kandambili zake, niliuchomoa upawa nikatoka.

Ukindu ulitoka na rangi ya jivu. Bibi aliukamua, akaunusa, kisha akamwita Zuwena na kumuuliza kama anamwonea kijicho bibi harusi. Zuwena alisema hapana. Alisema mara moja tu. Bibi akamnyang'anya mwiko, akanipa mimi, nami nikaupokea.

Chuo kikuu nilisomea kemia. Huko nilijifunza kwamba chuma kikikutana na maganda ya komamanga, dhahabu hugeuka jivu. Nilifurahi isivyo kiasi. Kumbe palikuwa na sababu, na sababu hiyo haikuwa moyo wangu.

Zuwena nilimwoa. Tulihamia Riyadh kwa ajili ya kazi yangu, na mwaka wa tatu wa ndoa nikamweleza yote, pamoja na kemia yake.

"Kilikuwa chuma," nilisema, "si kijicho."

Alikuwa akikunja nguo. Hakuinua kichwa. "Na upawa uliutia kwa nini?"

Hatukulizungumza tena.

Miaka ya mwisho ya maisha yake Zuwena alijifunza kutia rangi sufu kutoka kwa mwanamke wa Kizapoteki, huko Meksiko, kupitia simu. Kila Ijumaa aliiegemeza simu kwenye kopo la chumvi, wakasaga pamoja vidudu vikavu vya mpungate, ule mmea wa miiba, vinavyotoa wekundu. Ukiongeza ndimu, unawaka. Ukiongeza majivu, unakuwa zambarau. Walielewana kwa Kiingereza kibovu na kwa kucheka. Mimi nilikaa sebuleni na gazeti, nikihesabu vicheko ambavyo havikuwa vyangu. Nilipopita mlangoni alinitania: "Yalla, toka, hasidi. Na usishike kijiko." Nilicheka. Nilitoka.

Alifariki mwezi wa Rajabu. Mafungu matatu ya sufu nyekundu yalibaki yametundikwa jikoni. Yule mwanamke aliandika, akanipa pole, kisha akaomba fungu moja alifume kwa kumkumbuka. Nilimjibu kwamba rangi ilikuwa imeharibika. Haikuharibika. Sikutaka tu mtu mwingine awe na kitu kilichopita mikononi mwa Zuwena saa ambazo mimi sikuwamo.

Tangu siku hiyo huitazama sufu ile kila asubuhi, na najua naitazama kwa jicho gani. Ni lile lile la Hindawiya. Imebaki nyekundu vile vile. Bibi alikosea kuhusu chungu. Kwamba aliyekichungulia alikuwa hasidi hakukosea, ila alimtaja asiye mwenyewe, nami nikaupokea mwiko.

Leo nimemwandikia yule mwanamke kwamba nilimdanganya. Nimelishusha fungu moja, nikalifunga kwa karatasi. Jina la mtumaji nimeandika la Zuwena.