Kijiko cha Kwanza cha Kalista

Wivu wa mume watu huusamehe, na wivu wa shamba wanauelewa. Wa Kalista, yule mkulima wa nyanya wa bondeni Kalenga, ulikuwa wivu wa kijiko. Acheni kucheka kwanza, nafasi ya kucheka ipo mbele.

Huku Uheheni mtu akikukaribisha ulanzi, pombe ya mianzi, hakuwekei tu kikombe mkononi. Anapiga funda moja mwenyewe, unamtazama kama bado amesimama, ndipo anakupa. Ni heshima, na ni kinga pia. Sasa Adrian, mdogo wake Kalista, seremala ambaye vitanda vyake bado vinabeba ndoa za watu mpaka Ilula, alipougua akili, desturi hiyo ya ulanzi aliihamishia kwenye kila kitu. Sauti zilimwambia anatiliwa sumu. Uji una sumu, ugali una sumu, maji ya bomba ndiyo usiseme. Mwili wake ukaisha mpaka suruali ikafungwa kwa kamba ya katani.

Aliyemwokoa ni dada yake. Kalista aliketi mbele yake, akachota kijiko cha kwanza, akameza, akatoa ulimi nje kama mtoto mbele ya daktari. Adrian akautazama ule ulimi kwa makini, akavuta bakuli, akala. Tangu siku hiyo ikawa hivyo asubuhi, mchana na jioni, mwaka ukaingia mwaka. Ezron, fundi baiskeli, alimposa Kalista akaambiwa asubiri mdogo wake apone. Alisubiri weee, mwisho akaenda kuoa Makambako, na hakuna wa kumlaumu. Kanisani katekista alipotaka mfano wa uvumilivu alimtaja Kalista, naye Kalista aliinamisha uso, ila masikio aliyaacha wima.

Kisha matibabu yakaanza kushika. Adrian alichomwa sindano yake kila mwezi, akameza na vidonge, sauti zikapungua zikawa kama redio ya jirani. Nesi Violet, anayezunguka vijijini na pikipiki kuwatembelea wagonjwa wa akili majumbani, akasema dawa peke yake haimrudishi mtu kwa watu. Akamleta Sabina.

Sabina alikuwa mwanamke wa Soweto, Mbeya, aliyehamia kwa shangazi yake Kalenga. Yeye mwenyewe aliwahi kuugua, akatembea sokoni kwao bila viatu akiwahutubia wauza ndizi, akatibiwa, akasimama tena. Kazi yake sasa ilikuwa kukaa na wanaorudi: kwenda nao shambani, kuwazoesha sokoni, kupika nao. Kalista alimpokea kwa kamwene, ile salamu ya Kihehe, ya meno tu. Moyoni alisema, huyu juzi alikuwa anaongea na ukuta, leo amekuja kunifundisha kumlea mdogo wangu.

Sabina hakufundisha mtu. Alimwomba Adrian amtengenezee kigoda kilichovunjika mguu. Adrian akaifuata randa yake darini, akaifuta vumbi, na siku ile Kalista alisikia ukutani sauti ya mbao kuparuzwa ambayo alikuwa ameisahau. Alitakiwa kufurahi, na alifurahi, kwa muda wa kumenya kitunguu. Halafu akajiuliza mbona yeye vigoda vyake vyote vina miguu mizima.

Jioni moja Adrian akarudi, Kalista akaandaa, akachota kijiko chake cha kwanza, akatoa ulimi. Adrian akasema ameshiba, amekula kande kwa Sabina.

"Nani alikuonjea?" Kalista akauliza.

"Hakuna. Nilikuwa na njaa."

Kijiko kilibaki hewani. Nesi Violet aliposikia alipiga makofi. Rozalia, jirani wa bustani ya pili, naye akaona huu ndio wakati wa kuchokonoa. Alipokuwa akifunga matenga ya nyanya alimpongeza Kalista kwa kupata wifi anayejua kupika. Kalista alichagua nyanya moja iliyooza akaitupa mtoni kwa nguvu ambayo nyanya haikustahili. Kwa hesabu yake, yeye alikuwa ameonja sumu ya kufikirika kila siku ya Mungu, akakosa mume, akaota mvi za mapema, na mgeni wa Mbeya amelishinda hilo lote kwa sufuria moja ya kande.

Ndipo akafanya kitu kibaya, na alijua ni kibaya wakati anakifanya. Asubuhi iliyofuata, akimfunga Adrian vifungo vya sweta kwa ajili ya baridi, alisema polepole, kama anayesema habari za mvua, "Zile kande za Sabina, ulimwona alivyozipika mwanzo mpaka mwisho?"

Adrian akavifunga vifungo vilivyobaki mwenyewe. Hakwenda kwa Sabina siku ile, wala iliyofuata. Alikula nyumbani baada ya kijiko cha Kalista, na Kalista, Mungu amsamehe, akapika akiimba.

Wimbo haukufika mbali. Shaka ukimwachia mtu kama Adrian haikai pale ulipoiweka. Alianza kutaka dada yake aonje mara mbili. Kisha akasema anaonja upande wake tu wa bakuli, upande wa pili haugusi. Kisha akakataa hata ulimi kuutazama. Alijifungia kwenye kibanda cha useremala, na Kalista alipogonga na uji, Adrian akamjibu kutoka ndani, "Kumbe wewe na Sabina mmeungana."

Nesi Violet alikuja akaongea naye kupitia mlangoni mpaka akafungua, akamtazama, akapanga dawa upya. Nje akamwambia Kalista kuwa Adrian asipokula itabidi alazwe wodini, halafu akauliza kama kuna neno lolote limetokea. Kalista akasema hapana. Pikipiki ilipopotea nyuma ya mikaratusi, alivua aproni akapandisha mlima kwenda kwa Sabina.

Alimkuta anachambua maharage, akamweleza yote akiwa amesimama, kwa kuwa ukikaa unapata muda wa kuremba. Sabina alichambua maharage kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

"Mimi hutanisikia nikikutukana, dada," akasema mwisho. "Ila kamwambie yeye. Mimi nilikuwa nikiambiwa naota hata pale nilipokuwa nimeona kweli. Hicho ndicho kinachorudisha mtu nyuma."

Kalista akashuka, akaketi chini nje ya kibanda, akazungumza na ubao wa mlango. Akasema kande za Sabina hazikuwa na kitu. Akasema maneno yale aliyatia yeye, kwa kusudi.

Adrian akauliza kutoka ndani, "Kwa nini?"

"Wivu."

"Wivu wa kande?"

"Wa kande."

Mlango haukufunguka. Msitegemee kwamba alitoka akamkumbatia. Dawa zilichukua wiki zake kushika tena, na muda huo alikula mahindi aliyojichomea na mayai aliyoyachemsha mwenyewe. Lakini wodini hakwenda. Siku alipokubali kupanda tena kwa Sabina alimtaka dada yake waende wote. Kande zikapakuliwa. Adrian akamsogezea Kalista sahani, akasubiri.

Kalista akachota, akameza, akatoa ulimi mbele ya mwanamke aliyemchukia msimu mzima. Zilikuwa tamu, zina karanga, na hilo lilimuuma kuliko yote. Adrian akala. Akaomba nyongeza. Sabina akamtazama Kalista kwanza, kama anayeomba ruhusa, na Kalista akashika upawa akamwongezea mwenyewe.

Njiani Adrian akamwambia, "Kesho usinionjee, dada. Nitaangalia mwenyewe."

Asubuhi Kalista akakoroga uji. Mkono ukaenda kwenye kijiko wenyewe kwa mazoea, akaukalia. Adrian akaunusa uji, akamtazama dada yake usoni, si ulimini, akanywa mpaka akalamba ukingo.

"Wa Sabina huwa anautia karanga," akasema.

Kalista akanuna mpaka saa sita mchana. Halafu akaenda kwa Rozalia kuazima kinu cha kutwangia karanga.